Nati ya Nne

Mume wangu ni fundi magari, na kwa ubishi hana mpinzani. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza akahakikishe. Pikapu yetu ilipoanza kuzimika kila ikipanda mlima, alisema ni kabureta, mjadala ukafungwa. Pikapu yenyewe ni kongwe kuliko ndoa yetu, lakini ndiyo inayobeba viti na maturubai tunayokodisha. Injini yake ikifa, na sisi tumekwisha.

Kwenye duka la spea, muuzaji alituwekea kabureta mbili juu ya kaunta: moja mpya inang'aa, nyingine imetolewa kwenye pikapu iliyopinduka, nyeusi tii kwa mafuta. Mimi nilishaipenda mpya, lakini yeye akaivuta ile nyeusi.

"Yaani unaacha mpya unachukua ya marehemu?" nikamuuliza.

"Hii mpya nyepesi kama kopo," akajibu.

Alizipapasa zote mbili. Alizitikisa kwa kidole gumba kusikia kipi kimelegea, kisha akaweka gasketi, kile kipande chembamba cha kuziba, kwenye kitako cha kila moja aone kama matundu yanalingana. Kwenye ile mpya yalipishana kidogo. Kwenye ya marehemu yalikaa barabara. Nikavimba kichwa mbele ya muuzaji: fundi wangu huyo.

Tuliporudi nyumbani akafungua boneti uani. Kazi yangu ni kumpa spana na kupokea anavyofungua. Kabureta ya zamani ilishikwa na nati nne. Nikapokea ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo. Ya nne hakunipa. Aliinyanyua kabureta, nikasikia kitu kimegonga chuma, kisha kimya.

"Nini hicho?"

"Nati. Imedondoka chini. Ninayo nyingine kwenye boksi."

Akaendelea. Alipokuwa anafunga ile kabureta ya marehemu na kuunganisha mpira wa petroli, mimi nilikuwa nimepiga magoti natafuta nati. Ua wetu ni wa saruji na niliufagia asubuhi. Hata sindano ingeonekana. Hapakuwa na nati. Mimi si fundi, lakini ukiolewa na fundi unajua kwamba chini ya kabureta kuna tundu linaloshuka moja kwa moja kwenye injini. Nati ikiwa humo, ukiwasha tu, injini inaitafuna mpaka inajivunja yenyewe.

"Baba watoto, usiwashe!"

Alishakaa nyuma ya usukani. "Nini tena?"

"Nati haipo chini."

"Imeviringika huko. Toka mbele ya gari."

"Sitoki."

"Mimi nafunga kabureta tangu wewe hujui hata pikapu ni nini! Toka!"

Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo. Waya wa betri yetu haujawahi kukaza vizuri, nikaushika, nikaung'oa. Akazungusha ufunguo. Kimya.

Alishuka amefura. Hajawahi kuninyanyulia mkono, lakini siku hiyo nilimwogopa, sitaki kudanganya. Alinipokonya spana, akafungua nati zote upya huku akinung'unika, akanyanyua kabureta na kumulika tochi ndani ya tundu. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa chuma.

"Haya. Hamna kitu. Umefurahi?"

Nikachungulia. Nati ilikuwa pale pale, imelala kwenye ukingo wa ndani wa tundu, inameremeta kwenye mwanga wa tochi yake mwenyewe. Mtoto mdogo angeiona.

Hasira zote zikaniisha. Niliitoa kwa koleo, taratibu, nikamwekea kiganjani.

"Huoni," nikamwambia.

Alikaa anaigeuzageuza ile nati kwa vidole. "Jicho la kushoto siku nyingi," akasema. "La kulia, tangu mvua zianze."

"Na barabarani je? Si wewe uliyetuendesha leo kwenda na kurudi?"

"Wewe garini hunyamazi, mama. Mara punguza, mara kuna mtu anavuka, mara lori hilo. Nafuata sauti yako."

Nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nikidhani siku hizi hatoki bila mimi kwa sababu ya mapenzi.

Tuliifunga kabureta tena, yeye akikaza, mimi nikihesabu nati. Nikarudisha waya wa betri, akawasha. Ikawaka papo hapo, ikanguruma bila kukohoa. Hakuna aliyeshangilia. Tulitakiwa kuijaribu mlimani, kwa hiyo nikamwambia ashuke, niendeshe mimi; kuendesha alinifundisha yeye mwenyewe. Alishuka, akazunguka mbele ya gari huku kiganja kikipita juu ya boneti.

Nilikaa nyuma ya usukani nikimsikiliza anapapasa mlango wa upande wa pili akitafuta kitasa. Nikalia haraka haraka, nimalize kabla hajaingia.