Mtani Kwenye Kambi ya Kipindupindu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo na klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu. Sista inchaji, mkuu wa wodi, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe wa darasa la tano, nani kakuleta hapa?"

"Miguu yangu," nikamjibu.

Alinishuku, nami nikamshuku. Vijana, ugonjwa ukilipuka hiyo ndiyo kazi yenyewe: kushuku. Ndoo ina klorini au ni maji matupu? Mikono imenawa au imelowa tu? Kwa hilo sikupata mpinzani, ulizeni.

Kipindupindu kilipopanda Uluguru tukapelekwa kambini, mimi na Sista. Mahema, vitanda vimetobolewa katikati, ndoo chini yake. Akaletwa Bi Mwanaidi, macho yameingia ndani. Ukimfinya ngozi inabaki imesimama, maana yake mwili umekauka. Dripu kaing'oa. Maji ya chumvi na sukari kayamwaga mchangani. Aliamini tunaua watu.

Nikataka kumchangamsha. "Mama, usiniogope. Mimi Mnyamwezi, mtani wako."

Kumbe nimeharibu! Kwao, mtu akifa, mtani ndiye anayehangaika na maziko. Akamgeukia mwanawe. "Umeona? Wameshamleta wa kunizika. Nirudishe nyumbani!"

Mwanawe akampakia kwenye pikipiki, akaiwasha. Kwa hali ile, mama asingefika hai.

"Rekebisha, bwana mkubwa," Sista akaninong'oneza.

Nikasimama mbele ya pikipiki. "Haya, nakuzika. Jogoo wangu yuko wapi?"

"Jogoo gani?"

"Mtani azike bure? Waluguru kwa ubahili! Bila jogoo mkononi hufi ng'o. Kunywa."

"Mnyamwezi una njaa wewe." Midomo imekauka, lakini tusi limetoka. "Anza wewe."

Nikajimiminia kikombe changu kutoka jagi lilelile la maji ya chumvi na sukari, nikanywa.

"Fumbua mdomo nione."

Akanikagua kama ninavyokagua ndoo. Ndipo akanywa, akaongeza, mwishowe akanyoosha mkono achomwe dripu. Alitoka kambini kwa miguu yake.

Kazi nimeshaacha. Nina duka langu la ndoo na sabuni Mwembesongo, na hakuna aliyenishika mkono kulifungua. Majuzi akaja mwanaume na kapu. Nikamtupia jicho: huyu karudisha ndoo, atasema inavuja. Akaweka kapu mezani, akafunua. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa.

"Mama aliagiza nikukabidhi mkononi," akasema yule mwana wa Bi Mwanaidi.

Nikampokea jogoo, nikabeba na jembe la kuchimbia kaburi. Nikafunga duka, tukapanda mlimani.