Nguzo Mbili za Pamba

Kapteni yule amehamishwa, kwa hiyo sasa naweza kukiri.

Alikuja Tororo kukagua mavuno ya pamba, akiapa kwamba chifu aliyezembea ataondoka naye kwenye lori la jeshi. Sote tulijua lori lile halirudishi watu. Mimi, mhitimu mpya katika ofisi ya kilimo, nikaambiwa nichore mavuno ya tarafa mbili, Molo na Buteba, kwa chati ya nguzo.

Nguzo ya Molo ilijaza karatasi. Ya Buteba ilitoka fupi kama ukucha. Nikakosa raha. Je, Kapteni asipoiona? Je, akisema nimeficha kitu? Baada ya kuwaza siku mbili, nikaichora Buteba kwenye karatasi yake peke yake, nikaikuza mpaka ikajaa, nikazitundika pamoja.

Kapteni alizitazama mbele ya machifu wote wawili, akacheka. "Hii mbili nasimama sawa! Nani nasema Buteba iko vivu?" Akanipa mkono. "Msomi, wewe nafanya kazi safi!"

Lori likaondoka tupu. Ofisi nzima ikanipigia makofi, na kichwa kikanivimba.

Chifu wa Buteba akanikumbatia. "Mwanangu, umeniokoa! Umemdanganya kwa akili kweli!"

"Nimedanganya wapi, mzee?"

Akanivuta ukutani, akaonyesha vipimo nilivyoandika mwenyewe. Kwa Molo, mraba mmoja wa karatasi ulikuwa magunia mia. Kwa Buteba, magunia kumi.

"Usiniambie hukujua!"

Chifu wa Molo akanitazama usoni, akaanza kucheka.