Kizimba Kilichoelea kwa Mitumbwi ya Dada

Shemeji yangu Feliki aliniita kwake Nyaishozi, Karagwe, kwa sababu kizimba chake cha samaki kilikuwa kinazama, na katika ukoo mzima ni mimi tu niliyesomea jinsi vyombo vinavyoelea. Kwamba tangu nitoke chuo kikuu nimeelea juu ya kiti cha ofisi tu, hakuna aliyeuliza.

Bukoba basi lilisubiri dizeli hadi jua la utosi, kisha likamsubiri dereva, aliyekuwa amechoka kusubiri dizeli. Miaka ile ya themanini ndivyo tulivyosafiri. Kutoka Kyaka tulikula vumbi. Jirani yangu wa kiti, mchuuzi wa Muleba, aliposikia ninakokwenda na nilichoitiwa alicheka: "Samaki Karagwe? Kwani ndizi zimewaisha?"

Nyaishozi niliingia magharibi, nikiwa na rangi ya barabara. Dada yangu Koleta, mke wa Feliki, hakungoja hata ninawe.

"Karibu, kaka. Mwambie shemeji yako anirudishie mitumbwi yangu ya kukanyagia ndizi! Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Muleba, na sina pa kukamulia rubisi."

"Nami nimewaahidi wakwe samaki," Feliki alidakia. "Watu wa ziwa kubwa wale. Nikiwapa maharage, binti yetu atasimangwa mpaka azeeke."

Asubuhi tuliteremka bondeni, kwenye ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo. Kizimba kilikuwa fremu ya miti yenye wavu chini, na kilichokibeba, huku na huku, ni ile mitumbwi miwili ya pombe. Kila wimbi lilipotaka kukiinua, kamba fupi za nanga zilikivuta chini, na maji yakamiminika ndani ya mitumbwi.

"Shemeji, umekifunga kama ng'ombe!"

"Ng'ombe wa kamba ndefu hula mahindi ya jirani."

"Hapa kuna mahindi? Kiache kipande na wimbi, kishuke nalo!"

Tulibishana hadi mchana. Mwishowe alilegeza kamba, kwa uso wa mtu anayemridhisha mgonjwa. Kizimba kikaanza kucheza juu ya mawimbi, mitumbwi mikavu. Kwa mara ya kwanza maishani shahada yangu ilikuwa imefanya kazi. Nililala kama mfalme.

Kesho yake ziwani hatukukuta mitumbwi. Alfajiri Koleta alikuwa amekuja na majirani zake, akaifungua, akaweka vigogo vya migomba mahali pake.

"Mgomba nao unaelea," alituambia nyumbani, akiisugua kwa majivu mitumbwi iliyonuka samaki.

Unaelea, ndiyo, lakini si ukiwa umebeba fremu ya mti mbichi. Mdomo wa wavu ulikuwa umezama, na samaki walikuwa wameondoka bila kuaga. Nilipiga kelele. Feliki alikaa tu, akashika tama.

Jumamosi wakwe walikula ndizi na maharage kwa adabu inayoumiza. Kisha rubisi ikazunguka. Baba mkwe akanywa, akasita, akanusa kibuyu, akanywa tena.

"Bwana Feliki, ulituahidi samaki."

Koleta akatazama mlango.

"Ahadi umetimiza," baba mkwe akaendelea. "Ila kwetu huwa tunawatafuna."

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko, Feliki akicheka kuliko wote, na binti akaozwa.

Nilirudi Bukoba na vumbi lilelile. Chuoni tulifundishwa kukokotoa nguvu ya upepo, ya wimbi na ya kamba. Nguvu ya mwenye mtumbwi hakuna mwalimu aliyeiandika ubaoni.