Shimo Alilolijenga Rigzin

Ukimkuta Mzee Rigzin asubuhi anaota jua ukutani, usimuulize habari za magoti yake, atakusimulia mpaka chai ya siagi igande kikombeni. Mwache kwanza amalize shukrani zake. Kila siku anashukuru kwa sauti, hajali nani anapita. Anashukuru kwa ajili ya jua, kwa ajili ya mkewe Yangdol, na kwa ajili ya mbwa mwitu. Wageni wakisikia hilo la tatu hutazamana, wakidhani uzee umeshamfika kichwani. Haujamfika. Rigzin ana akili timamu kuliko wengi wanaomcheka.

Alikuwa fundi wa mawe, na bonde zima lilikuwa halina mfano wake. Ukuta wake haukuwa na udongo wala saruji, mawe matupu, na bado usingeweza kupenyeza ukucha kati ya jiwe na jiwe. Kijiji chetu kiko chini ya mlima unaogombewa na mataifa makubwa. Huko juu askari wa upande huu na wa upande ule wanatazamana kwa darubini mwaka baada ya mwaka, wakigombea mwamba ambao nyasi zake unaweza kuzihesabu. Mstari wa mpaka ulipofungwa, malisho yetu ya majira ya baridi yakabaki upande wa pili. Kondoo wetu wakasongamana kwenye bonde moja na swala na mbuzi wa mwituni. Ni wanyama wa porini tu waliobaki wakivuka bila kuulizwa karatasi, na mbwa mwitu naye akavuka akaja kwetu.

Katika majira ya baridi, miaka arobaini iliyopita, mbwa mwitu aliingia mara tatu kwenye zizi la Stobdan, jirani yake Rigzin. Zizi lilikuwa wazi juu, kama mazizi yote ya siku zile. Stobdan alikuwa na kondoo thelathini, akabaki na kumi na tisa, na watoto wanne wa kuwavisha kwa sufu yao. Wazee wakamwendea Rigzin: lile shimo la zamani la mbwa mwitu, lililobomoka, alijenge upya.

Shimo lenyewe ni la duara, kina chake watu wawili wakipandiana mabegani, na mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo. Mbuzi wa chambo anawekwa chini. Mbwa mwitu anasikia harufu, anaruka ndani, na kutoka hawezi, kwa sababu kuta zinamwinamia. Kisha kila nyumba inaleta jiwe moja. Aliyejenga shimo anatupa la kwanza, wengine wanafuata, hadi mnyama afe. Sisi ni watu wa dini na kuua kunatuuma, kwa hiyo tunaigawana ile dhambi vipande vidogovidogo ili pasiwe na mmoja anayelemewa. Ndivyo tulivyokuwa tukijidanganya.

Rigzin alilijenga kwa siku tisa. Siku ya kumaliza, kikombe cha pombe ya shayiri mkononi, akajigamba mbele ya kijiji kizima. "Hata mimi mwenyewe nikiingia humo, bila kamba sitoki!"

Maneno hayo yalimtokea puani wiki ile ile. Asubuhi moja alikwenda kumpelekea mbuzi wa chambo majani makavu. Theluji ilikuwa ikidondoka tangu alfajiri, imefunika ukingo wote. Fundi akakanyaga mahali alipodhani ni ardhi, na mara akajikuta chini, mguu umeteguka, mbuzi akimtazama kama mtu aliyechelewa.

Alijaribu kupanda. Aliuchagua upande uliokuwa mfupi kidogo, ule wa mashariki, akatafuta pa kushika. Hapakuwepo. Alijua hapakuwepo, maana ni yeye aliyehakikisha hapawepo. Alipanda akaanguka, akapanda akaanguka, mpaka vidole vikatoka damu. Akaketi akaulaani ustadi wake.

Adhuhuri mgeni akaja. Theluji ilikuwa nzito, Rigzin hakuona kitu mpaka kivuli kilipopita juu na mwili wa kijivu ukatua hatua nne kutoka alipokaa. Alimkumbatia mbuzi, akajibanza ukutani. Mwenyewe anakiri, na hapo ndipo ninapompendea, kwamba mara mbili alimsukuma mbuzi mbele ili aliwe kwanza. Mara ya tatu aibu ilimshika, akamrudisha mapajani.

Lakini mbwa mwitu hakuwa na habari nao. Alikuwa amekwisha kugundua kwamba amenaswa. Alizunguka, akanusa, akauchagua upande wa mashariki, ule ule. Akaruka, akaparua mawe, akaanguka. Akaruka tena. Rigzin alihesabu mara saba, mpaka akaona damu kwenye makucha ya mwenzake. Kisha mnyama akajikunja upande wa pili, akaweka kidevu juu ya miguu, na theluji ikaanza kuwafunika wote watatu sawasawa.

"Tumekwisha, ndugu yangu," Rigzin alimwambia. "Na mwenye kosa ni mimi."

Alasiri aliisikia sauti ya mkewe. "Rigzin! Uko humo? Umelala?"

"Nilale wapi mimi! Usisogee ukingoni, Yangdol! Na mimi siko peke yangu."

"Uko na nani?"

"Na yule mgeni tuliyemwalika."

Yangdol alipiga ukelele mmoja tu, kisha akakimbia kijijini. Kabla jua halijagusa mlima watu walikuwa wamefika na kamba, na kila nyumba na jiwe lake, kwa sababu habari ya mbwa mwitu kunaswa ilikimbia haraka kuliko habari ya fundi kunaswa. Walipomwona ameketi chini na mbuzi mapajani, kicheko kikapasuka.

"Fundi! Kumbe ulikuwa unasema kweli, humo mtu hatoki!"

"Mwacheni akae, apime kazi yake vizuri!"

Stobdan hakucheka. Alisimama na jiwe kubwa kama chungu cha chai, macho yake kwa mbwa mwitu.

Kamba ikateremshwa. "Mbuzi kwanza," Rigzin alisema, na hakuna aliyejua kwa nini. Mbuzi akavutwa, kisha yeye. Walimkalisha ukingoni, mguu umevimba, Yangdol akampa kikombe cha chai ya moto ya siagi na chumvi. Anasema hajawahi kunywa kitu kitamu kama kile, na mimi namwamini.

Halafu wakampa jiwe. La kwanza ni la mjenzi.

Rigzin alilipima jiwe mkononi kwa mazoea ya kazi. Akajisogeza taratibu upande wa mashariki, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono na kuliachia. Likatua chini kabisa, kwenye mguu wa ukuta, mbali na mnyama.

"Umekosa!"

"Sijakosa," alisema. "Leteni jingine."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa Yangdol. Mwanamke huyo alikuwa amembebea mumewe mawe miaka kumi na miwili, na aliujua uso wake anapoweka msingi. Akaja akalala kifudifudi kando yake, akaliachia jiwe la nyumba yao juu ya lile la kwanza.

Ndipo Stobdan akatambua. "Kaka Rigzin! Unamjengea ngazi? Huyo amekula kondoo wangu kumi na mmoja! Wanangu niwavike nini, theluji?"

"Najua, Stobdan."

"Hujui!"

"Nimekaa humo tangu asubuhi nikitazama juu, anga lenyewe dogo kama sahani. Wote tuliowaua humu walilitazama anga hilo, kisha wakaona vichwa vyetu. Na huyu angeweza kunirarua, hakunigusa. Leo nimepewa uhai wangu bure. Siwezi kumtupia jiwe."

"Umepewa wewe," Stobdan alisema. "Mimi nimepewa nini?"

Swali lilikuwa la haki. Rigzin alikuwa na mikono tu. Akaitazama mikono hiyo yenye damu, akasema, "Mimi nina kondoo majike sita, chukua. Na nitakujengea zizi jipya. Nitaliwekea paa, Stobdan, paa zima, magogo na matawi na mawe juu yake, na mlango wa kufungwa. Hata panya akitaka kuingia ataomba ruhusa."

Stobdan aliinua jiwe lake. Mbwa mwitu chini alijikunyata ukutani. Nilikuwepo siku hiyo. Mkono ulikaa juu muda mrefu. Kisha akalitupa kwa nguvu zake zote, likagonga juu ya mawe mawili ya mashariki.

"Paa liwe zito," alisema huku akilia. "Ukinidanganya, nitakutupa wewe humo."

Nyumba nyingine zikafuata, moja moja, wengine wakinung'unika, lakini jiwe likishaletwa halirudi nyumbani. Likawa rundo bovu lililokaa upande. Tukarudi nyuma, tukasubiri kwenye mwamba. Mnyama alitokea ukingoni, akajikung'uta theluji, akashika njia ya juu kuelekea kwa wale wenye darubini. Hakugeuka kushukuru, na asikudanganye mtu kwamba aligeuka.

Rigzin alilijenga zizi kwa mguu mmoja, Stobdan akimpokeza mawe na kumtukana siku nzima. Tangu paa lile lilipowekwa, Stobdan hajapoteza hata mwanakondoo mmoja. Wengine wakaona, wakataka mapaa yao, na fundi akapata kazi ya maisha. Lile rundo la shimoni alilipanga vizuri likawa ngazi kamili, na kila mwaka siku ile wawili hao hupanda kuongeza jiwe.

Mwaka huu magoti ya Rigzin yalikataa. Asubuhi Stobdan, naye sasa mzee wa mkongojo, alisimama mbele yake na jiwe kifuani. "Gusa," akasema. Rigzin akaligusa. Stobdan akaenda nalo peke yake, akarudi mchana akihema, akaketi ukutani kando ya rafiki yake.

"Umeliweka wapi?"

"Pale chini. Palikuwa pamelegea."

Wakanywa chai. Stobdan akaguna, akatazama mlima. "Kuna nyayo kule shimoni," alisema. "Za mbwa mwitu. Za jana au juzi."

Rigzin akaweka kikombe chini. "Zinaelekea wapi?"

"Zinapanda," alisema Stobdan. "Nilizifuata ngazi nzima, mpaka juu. Yule mwizi ametoka."

Rigzin akashika mkono wa jirani yake, akaanza upya shukrani zake za asubuhi ingawa jua lilikuwa limekwisha kupita utosini, na safari hii waliozitamka walikuwa wawili.