Chumvi Iliyomwagwa Sinkini

Walimvua somo lake mbele ya wenzake, mchana kweupe, vikombe vya chai vikiwa bado mikononi mwao. Mwalimu mkuu alisimama katikati ya chumba cha walimu, akasafisha koo, akatangaza kwamba, kwa idhini ya bodi ya shule, kuanzia siku ile mwalimu wa kemia hatafundisha tena. Atasimamia usafi wa viwanja. Kosa lake? Katika mtihani wa vitendo, darasa lake zima lilikuwa limemwaga jibu kwenye sinki.

"Mkuu, naomba niseme neno."

"Sema, mwalimu."

"Watoto wale hawajawahi kushika hata funeli."

"Na vyombo vyote vile vya maabara?"

"Vimo kabatini. Ufunguo unao wewe."

Mwalimu wa hisabati, ambaye hakosi la kutia, akanong'ona: "Haya! Leo Bi Atomu kalipuka." Baadhi wakachekea vikombeni. Mkuu hakucheka.

"Vyombo vile ni vya wakaguzi, mwalimu. Vikivunjika, siku wakija tutawaonyesha nini?"

Huo ndio utaratibu wa shule ile, na aibu yake. Chupa za shingo ndefu, taa za spiriti na bakuli za kukaushia hupanguswa vumbi, hupangwa nyuma ya vioo, husifiwa na wakaguzi, kisha hufungiwa. Kemia hufundishwa kwa mdomo. Bi Atomu, kama wanafunzi walivyomwita, alichora atomu ubaoni mpaka chaki ikamwishia vidoleni. Aliwaeleza jinsi sodiamu inavyotoa elektroni na klorini inavyoipokea, hata viwili hivyo vikashikamana vikawa chumvi. Watoto waliyaimba hayo yote bila kukosea. Wakaimba pia somo la kuchuja, ambalo mfano wake ulikuwa chaki iliyokorogwa majini: chuja, kisha kausha kilichobaki kwenye karatasi.

Mtihani ukawapa mchanga mweupe uliochanganywa na chumvi, wakaamriwa watoe chumvi. Wakatia maji, wakakoroga, wakachuja vizuri. Kisha wakayamwaga maji, ambamo chumvi yote ilikuwa imeyeyukia, wakaukausha mchanga na kuupeleka kwa msimamizi katika vibakuli vilivyoandikwa "chumvi" kwa mwandiko wa kupendeza.

Nani wa kulaumiwa? Ulimi ulifundishwa, mkono ulinyimwa.

Tangu siku ile mwalimu akawa mtu wa pembeni. Akiingia chumba cha walimu, mazungumzo hushuka kama moto uliopunguziwa mafuta. Hakuna aliyemtukana; laiti wangemtukana, walau angepata wa kujibizana naye. Alishinda uani akiwaonyesha watoto pa kufagia, na kengele ya kipindi chake ilipolia, miguu ilitaka kwenda darasani yenyewe. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha mwisho katika safu ya nyumba za walimu, akapika chakula cha mtu mmoja katika sufuria ya watu wanne, akala akiwa amesimama. Wanafunzi walikuwa na utani wao wa zamani kwamba yeye ni gesi adimu, haungani na yeyote. Wakati ule aliucheka, hata akautumia kuwafundishia. Sasa ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mdogo wake alimpigia simu. "Dada, nyamaza tu. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha hadi nimefika ukutani, mdogo wangu."

"Basi njoo nyumbani likizo upumzike."

"Nitakuja." Wote wawili walijua kwamba haji.

Alasiri moja mlango ukabishwa. Alikuwa msichana wa darasa linalofuata, lile litakalofanya mtihani mwishoni mwa muhula.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Naomba kuuliza. Ile chumvi ya dada zetu ilienda wapi?"

Mwalimu alimkaribisha ndani. Alimpa chumvi ya jikoni, mchanga wa mlangoni, kitambaa safi na sufuria. "Fanya."

Msichana akakoroga, akachuja, akashika sufuria ya maji aende kuyamwaga. Akasita. Akamtazama mwalimu, akayateleka jikoni. Maji yalipokauka, pembeni mwa sufuria pakabaki utando mweupe. Msichana akainama mpaka pua ikakaribia kuungua.

"Kumbe ilikuwemo humuhumu! Mwalimu, kumbe waliimwaga wenyewe!"

"Usionje. Kikitoka kwenye jaribio hakiliwi."

Walicheka wote wawili. Chumba kile hakikuwa kimesikia vicheko viwili kwa pamoja tangu ahamie.

Kesho yake msichana alirudi na wenzake, wakajaa mpaka kitandani. Keshokutwa mkuu akatangaza gwaridani kwamba kusomea nyumbani kwa mwalimu ni marufuku. Hawakuja tena. Alasiri kadhaa mwalimu aliacha mlango wazi, sufuria ikiwa imeoshwa tayari. Waliopita walimwamkia wakiwa njiani, haraka, macho chini, kama wapitao penye msiba. Siku hizi anaufunga.

Darasani kwake anaingia mwalimu wa hisabati, anasoma kutoka kwenye kitabu: chuja, kisha kausha kilichobaki. Watoto wanaimba.

Sasa nasema nanyi mnaohusika. Mwalimu mkuu, toa ufunguo. Wajumbe wa bodi, mlioidhinisha adhabu hii bila kumsikiliza aliyeadhibiwa, mrudishieni mwalimu darasa lake wiki hii, kabla watoto hawa nao hawajapeleka mchanga kwa msimamizi. Nanyi wakaguzi, mkija tena, acheni kuhesabu chupa nzima. Mpeni mtoto mmoja mchanga na chumvi, kisha tazameni mikono yake.