Jino la Vilimani

Mvua ikinyesha hapa Kenton, ughaibuni, mchanga wa uwanja wa watoto hutoa harufu ya Shela, kwetu Lamu, nami narudi kuwa mtoto wa miaka saba. Upepo ulikuwa umefukua vilima vya mchanga nyuma ya nyumba yetu. Ni hapo watu wa Pate na Mombasa walipoteremka kupigana na Lamu, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Bahari ikapwa, vyombo vyao vikakwama, wakauawa wakivikimbilia. Niliokota jino, nikampelekea bibi.

“Bibi, hili ni la adui?”

Bibi alizaliwa Pate, akaolewa kwetu. Alilifumba kiganjani kwa muda mrefu, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akanishika mkono mpaka vilimani, akachimba kwa vidole, akalizika, akalisomea Fatiha.

“Hapa hatuulizi ni la nani, mwanangu. Twalifunika tu.”

Leo binti yangu amenijia uwanjani na kitu cheupe kilichojaa mchanga, akaniuliza kwa Kiingereza chake ni cha nani. Kilikuwa kipande cha kikombe. Nilichuchumaa mvuani, nikaanza kuchimba.