Mkwe Wangu, Bingwa wa Mwani

Nicheke tu, nastahili. Kazi yangu ni kupakia takwimu za wakulima wa mwani kwenye mfumo unaochora grafu papo hapo. Siku ya majaribio nilibuni mkulima, nikampa jina la mama mkwe, Bi Raya, na mavuno ya kutisha. Nilipopakia takwimu za kweli, nikasahau kumfuta.

Kwenye mkutano wa wakulima Micheweni nilimwalika mama mkwe mwenyewe, aone mkwewe alivyo mtaalamu. Grafu ikatokea ukutani, nami kifua mbele. Meneja akatangaza, "Bingwa wetu mwaka huu ni Bi Raya!" Vigelegele vikapasua ukumbi.

Bi Raya akasimama taratibu, akanigeukia.

"Mwanangu, mie nashona kofia. Huo mwani nimeulima lini?"